Porsche wanakuuzia nini, gari ama paa?

Hebu niambie, msomaji. Kati ya gari lenye paa la turubai linalojikunja na lile la paa la chuma lililotulia tu, lipi ni ghali kuunda? La kukunja, bila shaka. Lina mota, bawaba, na vyuma vya ziada vya kulikaza. Ndiyo maana 911 Cabriolet ni ghali kuliko 911 ya kawaida.

Sasa ona wadogo zake. Boxster, ile ya wazi, ilitoka 1996. Cayman yenye paa la chuma ikaja 2005, na Porsche wakaipa bei ya juu! Huko Marekani, Boxster ya 2013 ilianzia dola 49,500. Cayman iliyofuata ikaanzia dola 52,600. Injini zote lita 2.7, tofauti nguvu farasi 10 tu. Walijua mpenda kona atatoa hizo pesa.

Halafu 2016 wakageuza: 718 Cayman dola 53,900, 718 Boxster dola 56,000, zote farasi 300. Kwani turubai ilipanda bei usiku?

Mbona nasumbuka na magari ya matajiri na sina hata pikipiki? Kwa sababu nilipoacha chuo nikaanza kuchora nembo, nilikuwa nahesabu saa zangu na bando, nasema elfu mbili. Mteja mmoja akalipa bila kupepesa macho. Baadaye nikaiona nembo yangu kwenye malori yake matatu.

Siku hizi nauliza kwanza nembo inaenda wapi. Bei baadaye.