Farasi ama kuple? Hesabu iliyo nyuma ya magari ya Safari Rally

Kila mara Safari Rally ikikaribia kule Kenya, ubishi unaanza tena kwenye magaraji na kwenye vituo vya moto: gari gani iko na farasi mingi? Mmoja anasema 380, mwingine anasema 500, na mwenye kutaja namba kubwa ndiye anahesabiwa kuwa ameshinda. Lakini tuangalie jambo moja. Kamyo ya Howo 371, ile inayopandisha saruji kwenye milima yetu, hiyo 371 ni hesabu ya farasi zake. Toyota ambayo Elfyn Evans alishinda nayo Safari ya 2025 haikuwa mbali sana na namba hiyo. Farasi karibu sawasawa, na hata hivyo hakuna mtu mwenye akili atapeleka Howo kushindana Naivasha, wala kupakia saruji kwenye Yaris.

Kwa hiyo namba ya farasi peke yake haisemi kitu kikubwa. Kuna namba ya pili, ile mafundi wetu wanaita kuple. Ni nguvu ambayo moteri inatumia kuzungusha shimo yake, sawa na mkono wako unavyosukuma kifunguo kwa kulegeza bulo iliyoshika kutu. Inapimwa kwa Newton-mita. Farasi ni kuple ikizidishwa kwa mwendo wa mizunguko: ni kazi gani inafanyika, na inafanyika haraka namna gani. Moteri ya Howo inatoa karibu Newton-mita 1500, lakini ikizunguka polepole, mara elfu moja na kitu kwa dakika. Moteri ya gari la rally ni ya lita 1.6 tu, inatoa Newton-mita mia nne na zaidi, lakini inazunguka mara elfu kadhaa. Ukipiga hesabu, zote mbili zinafika kwenye farasi zinazokaribiana kwa njia tofauti kabisa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua kuple, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 9549: unapata kilowati. Kilowati moja ni kama farasi 1.36. Sasa weka magari mawili, yote yameandikwa farasi 300. La kwanza linatoa Newton-mita 500 kwenye mizunguko 4000: hapo tayari liko na farasi 285. La pili linapata zile 300 zake kwenye mizunguko 8000 tu; likishuka hadi 4000 na kubaki na Newton-mita 240, liko na farasi 137. Kwenye karatasi ni ndugu mapacha. Kwenye kona ya vumbi, shofere akiwa amepunguza mwendo na anataka gari iruke mbele sasa hivi, moja iko na nguvu mara mbili ya nyingine.

Hapo ndipo rally inatofautiana na mbio za lami. Kwenye kiwanja cha lami, dereva anaweza kubakisha moteri juu kabisa karibu muda wote. Kwenye rally hawezi: kona haijulikani vizuri, jiwe liko katikati ya njia, pine inateleza, anashuka, anapanda. Anahitaji moteri inayojibu popote anapoikuta. Mimi naona wanaobishana «farasi ama kuple» wanauliza swali vibaya. Swali ni: zile farasi zinapatikana kuanzia wapi hadi wapi?

Wahandisi hawakulijua hilo kwa kupenda, walisukumwa na sheria. Baada ya magari makali ya Group B kukatazwa mwisho wa 1986, ju yalikuwa yanaua, FIA ilianza kubana moteri kwa kipete kinachowekwa kwenye mlango wa turbo. Mwaka wa 1995 tundu la kipete hicho likafanywa milimita 34. Hewa haiwezi kupita hapo kwa mwendo unaozidi ule wa sauti, kwa hiyo kila sekunde kuna kipimo cha hewa ambacho hauwezi kuvuka. Hewa ikiwa na mpaka, esansi inayoweza kuungua inakuwa na mpaka, na farasi pia: karibu 300, basi.

Lakini kipete kinabana hewa ya kila sekunde, hakibani hewa ya kila mzunguko. Moteri ikizunguka polepole, kila mzunguko unaweza kupata hewa nyingi. Mafundi wakaelewa: kama farasi zimefungwa, tutafute kuple huku chini. Ndiyo sababu magari ya lita mbili ya miaka iliyofuata, yale ya Subaru, Peugeot na Ford, yalikuwa na farasi 300 rasmi lakini kuple yao ilipita Newton-mita 500. Ule mlio wa pa-pa-pa! wakati dereva ameachilia mguu ni sehemu ya hesabu hiyo: esansi inachomwa kwenye njia ya moshi ili turbo isilale, na kuple ikutwe tayari.

Wengine walitafuta njia ya mkato. Mwaka huohuo wa 1995, kule Catalunya nchini Hispania, wakaguzi walifungua turbo ya Toyota Celica na kukuta kipete kimetengenezwa kwa namna ya kurudi nyuma milimita tano kikishafungwa, hewa ikapita pembeni. Likifunguliwa kwa kukaguliwa, chemchemi ndani zinakirudisha mahali pake, na kila kitu kinaonekana safi. Toyota ilinyang'anywa pointi zote na kufungiwa miezi kumi na miwili. Hata kiongozi wa FIA wakati huo, Max Mosley, alikiri kwamba ujanja ule ulikuwa wa hali ya juu.

Turudi Naivasha. Pale ni karibu mita 1900 juu ya bahari, na hewa iko na mgandamizo wa kama asilimia 80 tu ya ule wa pwani. Sisi tunaujua ugonjwa huo: Goma na Bukavu ziko karibu mita 1500, na gari ya esansi isiyokuwa na turbo inayotoka Mombasa na nguvu zake zote, ikifika kwetu imepoteza kama sehemu moja kwa saba bila kuharibika kitu. Gari la rally nalo linapoteza farasi za juu, ju kipete kinapitisha hewa nyepesi. Lakini kwenye mizunguko ya chini turbo inazunguka zaidi na kufidia. Kwa hiyo kule juu namba ya farasi inaanguka, kuple ya chini inabaki karibu nzima.

Na kuna fesh-fesh, lile vumbi laini kama unga ambalo linameza magurudumu hadi katikati, hasa kwenye njia ya Kedong. Mtu aliyepita poto-poto yetu wakati wa mvua anajua: ukiingia humo na kusimama, umekwisha. Ukikanyaga kwa nguvu, pine inachimba kaburi lake. Unachohitaji ni nguvu inayokuja taratibu na bila kukatika. Magari yanawekewa bomba la kupumulia juu karibu na kioo, maana moteri iliyovuta unga huo haina farasi wala kuple.

Kwa nini habari hii inarudi sasa? Kuanzia 2022 hadi 2024 magari makubwa ya dunia yalibeba moteri ya umeme ya kilowati 100 pamoja na ile ya esansi. Ndipo ile hesabu ya «farasi 500» ilipotoka. Umeme unatoa kuple yote papo hapo, hata gurudumu likiwa karibu limesimama. Lakini ilikuwa kwa vipindi vifupi, betri ilikuwa nzito na ghali, na gari ikigongwa kwa nguvu mfumo ulikuwa unajizima. Mwaka wa 2025 umeme ukaondolewa: uzito wa chini ukashuka kutoka kilo 1260 hadi 1180, na kipete kikabanwa kutoka milimita 36 hadi 35. Farasi zaidi ya mia moja zimeondoka, na mashindano hayakufa.

Kuanzia 2027 sheria mpya zinashusha tena hadi karibu farasi 300, na bei ya gari ikiwekewa mpaka wa euro 345,000. Leo gari la daraja la juu linakaribia euro milioni moja. Kwa waliozoea kuhesabu farasi, hiyo ni kurudi nyuma. Kwa madereva wa Afrika ni mlango kufunguka kidogo. Karan Patel wa Kenya alichukua ubingwa wa Afrika 2022 na 2023 kwa Ford Fiesta ya daraja la pili. Magari ya daraja hilo yako na farasi kama 290 na kuple ya karibu Newton-mita 430. Mpaka sasa mtu kama yeye akija Safari anashindania nafasi ya nyuma ya Toyota na Hyundai za kiwanda, hata akiendesha vizuri namna gani. Sheria mpya zikishaanza, moteri ya kiwanda na moteri yake zitakuwa karibu ndugu. Itabaki pesa ya pine, ya mafundi na ya mazoezi, na hiyo euro 345,000 kwetu bado ni bei ya Howo kadhaa.