Mlinzi wa Gereza Anakula Nini?

Maafa yakitokea gerezani katika Kongo yetu, jibu la wakubwa halibadiliki: tutajenga gereza jipya. Mimi sipingi matofali. Napinga kuanza na matofali.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilizaliwa upande wa Walikale, kule chini kwenye joto na michikichi, nikaolewa na kufundisha Masisi, huku juu kwenye baridi na ng'ombe. Kwa miaka mingi nilikuwa katika kikundi cha akina mama wa parokia tuliokuwa tukipikia wafungwa. Sheria sikuisomea. Lakini ukibeba sufuria hadi mlangoni mwa buloko, yaani mahabusu, tena na tena, unajua mambo ambayo hayaandikwi katika ripoti ya waziri.

La kwanza ni kwamba mfungwa wa wilayani, kwa kawaida, hali chakula cha serikali. Anakula cha mkewe, cha mama yake au cha kanisa. Asiye na hao hungoja masazo ya wenzake. Mke hutoka kijijini alfajiri na bugali, maharagwe, pengine sombe, akikanyaga matope ya Masisi kwa saa kadhaa. Akifika, sufuria haiingii bure. Anatoa faranga, au sehemu ya chakula chenyewe inapakuliwa. Sitataja kituo, maana si kimoja.

Siku moja niligomba. Polisi aliyekuwa zamu, kijana wa rika la wanafunzi wangu wa mwisho, hakunipigia kelele. Alisema: "Mwalimu, unisamehe. Mie pia sijakula tangu jana. Mshahara wanasema ulitoka, lakini kwetu haukufika." Kisha akafunua sufuria, akachota kwa kikombe chake mara mbili, akanishukuru, akafungua mlango. Alikuwa na adabu kuliko wengi ninaowasikia redioni wakizungumzia haki za binadamu.

Sasa nataka msomaji afuate njia ya mtu mmoja, tangu kukamatwa mpaka kutoka. Polisi anayekwenda kumwita anadai pesa ya miguu, kwa kuwa amekuja kwa miguu na gari hana. Anayemwandikia maelezo anadai ya karatasi na kalamu. Ndani anapokewa na kapita, mfungwa mwenzake aliyepewa utawala wa chumba. Huyu naye anataka pesa ya mshumaa. Asiyetoa analala karibu na ndoo ya choo, au anafanywa mfagiaji na mbeba maji wa wengine. Siku ya kutoka kuna faini isiyo na risiti. Kila mkono unaopokea katika safari hiyo una njaa yake, na kila mmoja wao, ukiketi naye, atakueleza kwa nini.

Jambo lililonisumbua zaidi kuliko hongo yenyewe ni aina ya watu niliowakuta ndani. Nilidhani nitawapikia wezi na wauaji. Nikakuta deni la mbuzi, ng'ombe aliyeingia shambani kwa jirani, mahari isiyokwisha, ugomvi wa mpaka wa shamba, na kijana wa machimbo aliyegombania gunia la madini ya kasiterite. Hayo ni mambo ya kusuluhishwa na wazee au na hakimu, wala si ya kufungia mtu. Lakini mwenye mpaka ana shamba, na mwenye deni la mbuzi ana ndugu watakaochanga. Jambazi asiye na jamaa hana faida kwa mlango ule. Atakula bila kuleta. Niliona mwizi wa kweli akiachiwa upesi, na mkulima mwenye mbuzi wanne akikaa mpaka mbuzi wakaisha.

Kwa hiyo wakisema magereza yamejaa kwa sababu ni madogo, mimi nauliza: yamejaa nani, na nani anafaidika yakijaa?

Sheria haina kosa. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 17, inasema uhuru ndio kanuni na kumfunga mtu ni jambo la pekee. Ibara ya 18 inampa polisi saa 48 tu. Zikipita, amwachie mtu au ampeleke mbele ya mwenye mamlaka ya kuamua. Saa 48! Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, inakaribia nchi nzima ya Rwanda kwa ukubwa. Kutoka Walikale mjini hadi Goma ni zaidi ya kilomita 200, na barabara inayopita Masisi imekatwa na vita mara nyingi kuliko ilivyotengenezwa. Kuna miaka ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya lami pale Kilambo kubeba madini. Madini yalipata usafiri. Faili la mfungwa halikupata.

Kisha ikaja état de siège, hali ya dharura ya kijeshi iliyotangazwa kwetu Mei 2021. Kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Mtu wa Masisi au Walikale aliyepaswa kuhukumiwa karibu na kwao akapelekwa Goma, katika gereza la Munzenze. Gereza hilo lilijengwa kwa watu wapatao 350, na ndani yake walikuwa maelfu. Wengi walikuwa hawajahukumiwa. Januari 27, 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, wafungwa walivunja gereza na kutoka, nalo likawaka moto. Umoja wa Mataifa umesema wanawake zaidi ya 150 waliokuwa ndani walibakwa, na wengi wao wakafia motoni. Baadhi ya wanawake wa namna ile niliwajua kwetu, kabla hawajahamishwa: mmoja alishikwa badala ya mumewe aliyekimbia deni. Sijui kama alikuwamo siku ile. Namtaja kwa sababu kumshika mke mahali pa mume hakukuanza jana.

Tangu 1885, nchi hii ilipokuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, kifungo kilikuwa chombo cha kukusanya. Penye mpira, askari waliwashika wanawake wa kijiji na kuwafungia mpaka wanaume warudi msituni na kuleta kiasi kilichotakiwa. Wanaume waliotiwa hatiani walitembezwa kwa mnyororo wa shingoni, mmoja nyuma ya mwingine, wakichimba barabara na kubeba mizigo. Hakuna aliyejenga nyumba zile ili kumrekebisha mtu. Zilijengwa ili jamaa walete.

Wabelgiji walipochukua nafasi ya Leopold mwaka 1908, mpira wa damu ulipungua, kazi ya lazima ikabaki. Mwaka 1944, katikati ya vita vikuu na madai ya mpira na madini, watu wa dini ya Kitawala wakiongozwa na Bushiri waliasi katika nchi ya Masisi hadi Lubutu, na huko kwetu Walikale wazee walikuwa wakiisema habari hiyo kwa sauti ya chini. Uasi ulizimwa kwa silaha, na watu wa Kitawala wakapelekwa katika makambi ya mbali ya uhamisho. Kiboko hakikufutwa mpaka 1959. Baada ya uhuru tukaandika Amri namba 344 ya Septemba 17, 1965, ambayo kwa karibu miaka 60 ndiyo iliyoongoza magereza yetu, na Juni 2023 tukapata sheria mpya. Karatasi nzuri zote mbili. Hakuna hata moja iliyofika mlangoni ikiwa na gunia la unga.

Kuna habari ya Uingereza niliyoipenda, niliyoisoma katika kitabu cha zamani cha wamisionari. Mwaka 1773 bwana mmoja, John Howard, alifanywa afisa mkuu wa sheria katika jimbo la Bedfordshire. Badala ya kukaa ofisini akaenda kuona gereza. Akakuta watu waliokwisha kuonekana hawana hatia mahakamani wakirudishwa ndani, kwa sababu hawakuwa na pesa ya kumlipa mlinzi ada yake ya kufungua. Mlinzi hakuwa na mshahara. Aliishi kwa ada hizo. Howard akawaomba mahakimu wa jimbo wamlipe mlinzi mshahara. Wakamwambia: tuonyeshe jimbo jingine linalofanya hivyo. Akapanda farasi akaenda kutafuta jimbo moja tu la mfano katika majimbo ya jirani. Hakulipata. Ndipo akaanza safari za kukagua magereza ya nchi nzima, akatoa kitabu chake mwaka 1777, na akafa mwaka 1790 huko Kherson.

Lakini haikuwa huruma ya Howard peke yake iliyobadilisha magereza ya majimbo kule. Ilichukua mpaka 1823 Bunge kupitisha, chini ya waziri Robert Peel, sheria iliyotaka walinzi walipwe mshahara na wafungwa wa kike walindwe na wanawake. Mwaka 1835 wakawekwa wakaguzi wanaotoka nje. Kwa sheria ya 1877 serikali kuu ikayachukua magereza yote ya majimbo mikononi mwake na kubeba gharama. Usidhani yalikuwa mahali pazuri. Kulikuwa na gurudumu kubwa ambalo watu walilikanyaga kutwa nzima kama ng'ombe wa kisima. Ukali ulibaki. Kilichokwisha ni biashara ya mlango, na kiliisha kwa sababu mtu mwingine alianza kulipa.

Ndiyo maana napiga kelele juu ya mshahara wa polisi wa zamu kuliko juu ya jengo. Mpe mtu yule jengo jipya lenye ghorofa, naye ana njaa, atatoza ada ya ghorofa. Na pesa za majengo tumeziona zinavyosafiri. Septemba 2025 Mahakama ya Kasasheni ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 ya kazi ngumu kwa kosa la mamilioni ya dola yaliyotengwa kwa gereza la Kisangani. Pesa za jengo ziko mahali pamoja, ni rahisi kubebwa. Maharagwe ya kila wiki ni vigumu zaidi kuyapeleka Kinshasa.

Tena si mengi. Tulipokuwa tukipika, tulikadiria nusu kilo ya unga na robo kilo ya maharagwe kwa mtu kwa siku. Wafungwa 100 wanahitaji kilo 50 za unga na kilo 25 za maharagwe. Masisi hii hii ndiyo inayolisha Goma maharagwe, viazi na maziwa. Hatuhitaji ndege wala shirika la kigeni kulisha watu mia katika wilaya inayouza chakula nje.

Mtu ataniambia: Mwalimu, hujui nchi iko vitani? Masisi mjini palichukuliwa na M23 Januari 2025. Walikale mjini pakachukuliwa Machi mwaka huo huo, pakaachwa Aprili. Utamdai nani mshahara? Namdai yeyote anayekusanya. Anayeweka kamba barabarani na kumtoza mwenye pikipiki anaweza kununua unga wa watu aliowafungia. Makundi ya silaha yasiyohesabika huko msituni nayo yana magereza yao: shimo lililochimbwa ardhini, ngazi ikitolewa usiku, na aliyekosa kulipa kodi yao anashushwa humo mpaka nduguze walete. Hawakubuni kitu. Walikulia katika nchi ambayo serikali ilikuwa imewaonyesha kazi hiyo miaka mingi.

Wengine husema wafungwa wale wote wametenda makosa, na mkosaji hastahili chakula cha kodi yetu. Sawa. Lakini tayari mnamlisha, ila mnamlisha kwa mgongo wa mkewe, na juu yake mnamlisha polisi, kapita, mwandishi na mwenye ufunguo. Ni njia ghali kuliko zote za kumweka mtu ndani, ingawa gharama yake haionekani katika bajeti kwa sababu inabebwa kichwani na mwanamke.

Basi ninaomba mambo yenye mipaka. Mlinzi wa gereza la wilaya alipwe mkononi, hadharani, mwanzo wa mwezi, na majina yasomwe. Chakula kinunuliwe sokoni palepale, na mwakilishi wa akina mama, wa makanisa na wa msikiti ahesabu magunia yanapoingia. Kitabu cha majina kionyeshwe kila wiki kwa mtu wa nje, aone nani amezidisha saa 48, na kama ni kwa sababu ya mbuzi, mbuzi huyo arudi kwa wazee. Hayo yanaweza kuanza katika nyumba ile ile ya zamani yenye bati linalovuja.

Bajeti ya taifa itakaposomwa tena, tafuteni mstari wa chakula cha wafungwa wa Masisi na wa Walikale. Msipouona, mwandikieni mbunge wenu kwa jina lake, na mwambieni awajibu kwa maandishi.