Brashi, Wino na Karatasi Isiyofutika

Mwaka 2019 serikali ya Japani ilitangaza mpango wa kumpa kila mwanafunzi wa msingi na sekondari ya chini kishikwambi au kompyuta yake. Basi yafaa kuuliza: brashi ya wino ina kazi gani tena darasani?

Swali hili si geni huko. Katika miaka ya 1870, shule za Japani zilipofuata mitindo ya Ulaya, watoto walifunzwa kuchora kwa penseli, brashi ikawekwa kando. Mwaka 1884 Wizara ya Elimu iliunda kamati ya kulichunguza jambo hilo. Miongoni mwa wajumbe walikuwamo Okakura Kakuzō na Mmarekani Ernest Fenollosa, mgeni aliyewahimiza wenyeji wasitupe chao. Brashi ikarudi shuleni.

Natuitazame kazi yenyewe. Kwa desturi wino huu hautoki chupani. Ni kipande kikavu cha masizi yaliyokandwa kwa gundi. Mwanafunzi hukisugua juu ya jiwe lenye maji, polepole, hata maji yageuke meusi. Hilo ndilo somo la kwanza: mkono hutulia, na moyo nao ukatulia. Kisha huchora mwanzi. Brashi husukumwa, husita penye fundo, huendelea. Maji yakizidi, wino hutoa kijivu cha ukungu; yakipungua, hutoa weusi wa usiku. Karatasi huunywa papo hapo. Raba haifai kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sisi tuliosoma chuoni huku pwani twaijua nusu ya habari hii. Wino wetu nao ulikuwa wa masizi, na kalamu ya mtete. Lakini ubao wetu ulioshwa, kosa likaenda na maji. Mwanafunzi wa brashi akikosea hutwaa karatasi nyingine, na ile ya kwanza hubaki kumshuhudia.

Hapo ndipo penye hoja. Kishikwambi si adui. Humletea mtoto maktaba nzima. Lakini chombo ambacho kila kosa hufutika kwa kidole hakimfunzi kupima kabla ya kutenda. Wala brashi isitetewe kwa kuwa ni ya mababu tu. Sanaa hii ilitoka Uchina, na mtawa Sesshū, bingwa wake mkuu, alivuka bahari mwaka 1467 kwenda kujifunza huko. Brashi itetewe kwa kazi iifanyayo.

Kuandika kwa brashi kungali kunafunzwa Japani kuanzia darasa la tatu. Kuchora kwa brashi hakuna kipindi chake. Kumo ndani ya somo la sanaa, na hutegemea mwalimu mwenye subira. Saa hiyo moja ikikosekana, jiwe na brashi vitahifadhiwa makumbusho, na hakuna atakayelia. Lakini kutakua kizazi kisichowahi kutia alama moja kikijua kwamba haitafutika.