Mkutano Wetu Utaacha Nini Nyuma Yake?

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa vijana katika parokia moja upande wa Kabambare. Kwa siku tatu tulisali, tuliimba, tukasikiliza fundisho juu ya uumbaji. Usiku wa mwisho mvua ilinyesha. Asubuhi nikaona vifuko vya plastiki vya maji tuliyokunywa vimesombwa hadi kijitoni, pale akina mama wanapoteka maji. Mama mmoja alikuwa akivitoa kimoja kimoja kwa kijiti kabla ya kuzamisha bidoni lake. Hakutuambia neno. Nami niliona haya, kwa maana fundisho lile nilikuwa nimelitoa mimi.

Tangu siku ile nasadiki kwamba mkutano haupimwi kwa wingi wa watu wala kwa sauti ya ngoma, bali kwa hali ya mahali palipotupokea, baada ya sisi kuondoka. Injili ya Yohane, sura ya 6, inatuonyesha jambo hilo. Yesu alipowalisha watu wapatao 5,000, aliwaagiza wanafunzi wakusanye mabaki, kisipotee kitu; vikajaa vikapu 12. Kazi hiyo waliifanya wanafunzi wenyewe, hawakuwaachia wenyeji.

Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alizitaja kazi ndogo za namna hii: kupunguza plastiki na karatasi, kupika kiasi kitakacholiwa, kusafiri pamoja. Serikali yetu nayo, kwa amri ya Desemba 2017, ilikataza mifuko na vifuko vya plastiki. Hata hivyo tunaendelea kuvinunua, na kwetu hakuna gari linalopita kuzoa taka.

Kwa hiyo kazi ianze katika kamati, wiki kadhaa kabla. Tuchague parokia iliyo karibu na wengi, ili safari za pikipiki zipungue. Kila kijana aje na kikombe na sahani yake. Maji yawekwe katika mabidoni yenye vifuniko, yatiwe klorini kwa kipimo kinachoelekezwa, kwani kuyachemsha maji ya watu mia tatu ni kuteketeza kuni nyingi. Kila shirika litume mapema hesabu ya watu wake, na bugali na sombe vipikwe kwa hesabu hiyo. Shimo la maganda na mabaki lichimbwe mapema. Na saa ya usafi iandikwe katika ratiba kabla ya Misa ya kufunga, maana baada ya Misa kila mtu huwaza safari.

Wako watakaosema kwamba kumpa mgeni maji ya bidoni ni kumdharau. Nawaelewa, kwani nasi tumelelewa kumpa mgeni kilicho bora. Lakini kilicho bora ni maji safi, hata yakinywewa katika kikombe cha nyumbani. Tena mwenyeji naye ana heshima yake: si haki tule kwake, kisha tumwachie uchafu.

Tutakapokutana tena, Kasongo au Kabambare, wa kwanza kutuhukumu atakuwa mama atakayeshuka kijitoni kesho yake alfajiri. Akikuta maji yake ni safi, atakuwa amelipata fundisho letu bila kuketi mkutanoni.