MASHUA YETU NI NZITO, TUSIILAUMU MASHINE



Mkutano uliopita makelele yalizidi, wengine hatukumaliza kusema. Kwa hiyo naomba nafasi hapa ubaoni, kila mtu asome kwa wakati wake kabla ya kura ya Jumamosi.

Hoja iliyopo ni kwamba akiba ya ushirika itolewe, tununue mashine ya nguvu ya farasi 40, tuiondoe hii ya 15, ili mashua iwahi mnada. Mimi naipinga hoja hiyo. Shida yenyewe ni ya kweli, sikatai. Mwezi uliopita tumefika dikoni mara tatu jua limekwisha panda, wachuuzi wamekwenda zao, dagaa wakauzwa kwa bei ya kutupa. Walioumia zaidi ni kina mama wa kukaanga na kuanika, maana dagaa aliyekaa sana hupasuka tumbo, hata akianikwa hana sura. Lakini jamani, mgonjwa hapewi dawa kabla hajapimwa. Tuulize kwanza: mashua inachelewa kwa nini?

Kwanza, umbo lake. Kuna chombo kinachokata maji, na kuna chombo kinachopanda juu ya maji. Mashua yetu ya mbao, yenye mkuku na tumbo la kubebea mzigo, ni ya kukata maji. Chombo cha namna hiyo kina mwisho wa mwendo wake, na mwisho huo unatokana na urefu wake majini. Hesabu ni rahisi. Yetu ina futi 25 pale inapogusa maji. Tano mara tano ni 25. Chukua hiyo tano, ongeza theluthi yake: unapata maili za bahari 6 na nusu na ushei kwa saa, yaani kama kilomita 12. Ukiilazimisha kupita hapo, omo inainuka, tezi inazama, chombo kinapanda mlima wa wimbi lake chenyewe. Petroli inakwisha, safari haipungui. Na ule ubao wa tezi uliundwa kwa mashine ndogo. Tukiutwika 40, siku ya kusi kali utatufungukia baharini.

Vijana wanasema, mbona wenzetu wanatupita? Wale wana boti za faiba, nyepesi, chini bapa, wala hawabebi nusu ya mzigo wetu. Zile ndizo za kupanda juu ya maji. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kila kimoja kimeundwa kwa kazi yake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Juzi kijana mmoja alipima mwendo kwa simu yake tukirudi: kilomita 8 kwa saa. Nimesema mwisho wake ni kama 12. Hizo 4 zimekwenda wapi? Nawaambieni.

Za kwanza zimo chini ya mashua. Tangu lini haijapandishwa? Majani na magamba yameota mpaka mtu anajikata mkono. Wazee wetu kila baada ya muda walikwangua, wakapaka deheni ya chokaa na shahamu, na hawakuwa wajinga. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Ikipwa, tuilaze mashua, tuikwangue, tuzibe panapovuja kwa kalafati, tupake deheni au rangi ya kuzuia magamba.

Za pili zimo ndani. Mashua yetu inavua kila kitu: dagaa kwa taa, jodari kwa kukokota chambo, changu kwa mshipi, na dema juu yake. Hilo ni jema, ndilo linalotuweka mjini pale samaki mmoja anapokosekana. Lakini kwa nini vyombo vyote hivyo viende safari moja? Usiku wa giza ni dagaa: chukua wavu, taa na barafu, basi. Usiku wa mwezi mpevu dagaa hawakusanyiki taani: acha wavu nyumbani, chukua mishipi. Na jodari hataki mbio nyingi. Maili 6 kwa saa zinatosha kumkokotea chambo. Halafu maji ya ngama! Ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20. Ndoo kumi zikilala ngamani ni kilo 200, sawa na watu watatu wazima wasiovua kitu. Tena mzigo wote tunaurundika tezini, omo inatazama mbingu. Tuusogeze katikati, chombo kikae sawa.

Za tatu zimo kwenye rafadha, hilo pangaboi. Letu limekatika ncha na kupinda tangu lilipogonga mwamba. Na rafadha ya mashua nzito haiwi ile ya boti nyepesi: mzigo mkubwa unataka rafadha yenye mkato mdogo, ili mashine izunguke kwa kasi iliyoandikiwa kiwandani badala ya kuguna. Tuangalie pia kimo chake: lile bamba lililo juu ya rafadha likae karibu sawa na chini ya chombo. Ikining'inia chini mno inakokota maji. Ikipanda mno inavuta hewa na kupiga kelele za bure.

Mtu atasema: 40 ingekuwa akiba ya nguvu. Fikirini. Katika chombo cha kukata maji, kuongeza mwendo kwa robo tu unahitaji nguvu karibu maradufu. Petroli hiyo ataitoa nani? Itatoka kwenye gawio lako wewe unayesoma hapa.

Kwa hiyo naleta pendekezo. Bamvua ijayo wote tushuke pwani, na wenye mashaka washuke mbele. Tuikwangue mashua, tununue rafadha mpya, tupange mzigo kwa zamu ya samaki. Kisha tupime tena kwa simu ileile, njia ileile, na tuandike lita za petroli hapa ubaoni. Tukiona bado ni 8, nitanyoosha mkono wa kwanza kuunga mkono mashine kubwa. Na tukitaka kweli chombo cha mbio cha kuwahisha samaki mnadani, tuweke akiba ya boti nyepesi iliyoundwa kwa kazi hiyo, mashua yetu iendelee na yake.

Akiba hii tumeichanga kwa miaka, ndoo kwa ndoo. Tusiichome baharini kwa hasira ya asubuhi tatu.

Ushirika ni nguvu.

Mimi mvuvi mwenzenu, zamu ya usiku.