Sinema Inavyotega Kitendawili

Mtoto akisikia "Kitendawili!" hujibu "Tega!" na papo hapo hutulia. Hajaambiwa jambo bado, lakini moyo wake umekwisha kunaswa. Watengenezaji wa sinema nao hutega vitendawili, ila wao huvitega kwa macho. Wazazi huuliza kwa nini watoto, wakianza kutazama picha katika banda la video au katika simu, hawainuki hata wakiitwa kula. Mara nyingi jibu limo katika dakika za mwanzo. Tutazame mfano mmoja.

Mwaka 1941 ilitoka Marekani sinema iitwayo Citizen Kane. Aliyeitengeneza, Orson Welles, alikuwa kijana wa miaka 25 tu, na mpiga picha wake alikuwa Gregg Toland, fundi hodari. Picha haina rangi, ni nyeusi na nyeupe.

Inaanza usiku. Kwanza tunaona kibao kwenye ua wa waya, kinachokataza watu kupita. Hapo kamera yafanya lile lile lililokatazwa: yapanda polepole, yaukwea waya, hata kufika kwenye lango lenye herufi K. Sisi tunaotazama tumekwisha kuwa kama watu wanaoruka ua usiku. Mbali, juu ya kilima, pana jumba kubwa, na dirisha moja tu lina mwanga.

Kisha picha zafuatana, moja ikiyeyuka ndani ya nyingine: kima ndani ya kizimba, mashua tupu majini, daraja, uwanja wa gofu uliotupwa. Mali tele, wala hapana mtu hata mmoja! Sasa angalieni ufundi wake. Mahali panabadilika, nasi twazidi kulikaribia jumba, lakini lile dirisha linabaki pale pale katika picha. Jicho halina budi kulifuata. Mara tulipolifikia, mwanga wazimika ghafula.

Ukirudi, tumo ndani. Theluji inaanguka, kumbe ni theluji ya bandia ndani ya tufe la kioo lililo mkononi mwa mzee. Midomo yake yajaza picha nzima, yatamka neno moja: "Rosebud." Tufe laanguka, lavunjika, na ndani ya kigae chake twaona muuguzi akifungua mlango. Anamfunika yule mzee shuka. Amekufa.

Limesemwa neno moja tu, nasi tuna maswali kumi. Huyu ni nani? Kwa nini yu peke yake? Neno lile maana yake nini? Hila yenyewe ni hii: mtu amefichwa, vitu vyake vimeonyeshwa. Tena jumba lile la kutisha, kwa sehemu kubwa, lilikuwa mchoro tu!

Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pius XII aliandika barua Miranda Prorsus juu ya sinema, redio na televisheni, akihimiza watazamaji wafundishwe kuelewa wanachokitazama. Basi baba na mama, msiishie kukataza. Kaeni na watoto, mwaulize: Tumeonyeshwa nini? Tumefichwa nini? Nani ametuleta hapa, na anatupeleka wapi? Maana mlango mzuri waweza kuingiza katika nyumba chafu pia. Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo atafurahia picha bila kuwa mtumwa wake.

Sinema hii yafaa watu wazima, kwa kuwa ina habari za ndoa zilizovunjika. Lakini mwanzo wake pekee ni mahubiri. Kwetu, hata maskini akiwa mahututi, nyumba hujaa ndugu na majirani, na rozari husaliwa kando ya kitanda. Tajiri yule alikuwa na mlima, jumba na wanyama. Saa ya kufa aliingia muuguzi tu.

Maana ya neno lile sisemi. Sinema yenyewe hutegua mwishoni. Mkishindwa kungoja, nipeni mji!