Komini ni neno letu, sentensi iko wapi?

Mama mmoja jirani yetu hapa Mangobo, anayeuza sombe, aliniletea karatasi iliyohusu mpaka wa parseli yake. «Mutoto yangu, si unasomaka mambo ya luga? Unisomee basi.» Karatasi ilikuwa ya Kifaransa. Ilimpa siku 15 za kupinga uamuzi, na 11 zilikuwa zimekwisha kupita. Nilipoanza kumweleza, niliona kwamba majina yote anayajua: komini, kartie, shefu, parseli. Kilichomshinda ni kitenzi.

Nalileta jambo hili kwetu kwa sababu sisi wanafunzi wa lugha, tukitajiwa Kiswahili cha utawala, tunakimbilia istilahi. Sekta tuiite nini? Tuchukue kata na tarafa za Watanzania, au tubuni zetu? Kwa maoni yangu tunahangaika upande usio na ugonjwa.

Majina hayo yana umri mkubwa. Dekreti ya 1931 iliwawekea Waafrika wa mijini vituo vyao, nje ya utawala wa kimila. Ile ya tarehe 5 Desemba 1933 iliwapanga watu wa vijijini katika sheferi na sekta, na sekta ndiyo iliyokusanya vikundi vilivyoonekana vidogo mno kusimama peke yake. Tangu 1908 sheria ya koloni ilitaka dekreti zitangazwe kwa Kifaransa na Kiflamandi, yaani lugha mbili za Ubelgiji. Kwa mdomo, amri ilitolewa kwa Kingwana au Kilingala; kwa wino, ilikuwa lugha ya Brussels. Leo sekta na sheferi zimo bado katika sheria yetu ya 2008 juu ya ugatuzi, na Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa. Mgawo wa kazi kati ya mdomo na wino umebaki vilevile.

Miaka hiyohiyo, mbali na hapa, Polandi ilikuwa ikijijenga upya. Ilikuwa imegawanywa miaka 123 na Urusi, Prusia na Austria, na iliporudi mwaka 1918 ilirithi sheria na desturi za ofisi za himaya tatu. Sheria ya 31 Julai 1924 ilikifanya Kipolandi kuwa lugha ya ofisi za serikali. Lakini ngazi ya chini ya utawala iliitwa gmina, na inaitwa hivyo hadi leo, neno lililotoka kwenye Gemeinde la Kijerumani. Neno lilikuwa la mgeni, barua ikawa ya mwenyeji. Komini yetu ina kosa gani basi?

Polandi si malaika. Sheria ile iliwaruhusu Waukraini, Wabelarusi na Walithuania wa mashariki kutumia lugha zao mbele ya ofisi, huku sheria nyingine ya siku ileile ikizibana shule zao. Hilo linanigusa, maana kwenye avenyu yetu Kilingala kinasikika sawa na Kiswahili, na wapo Walokele na Wambole pia. Sitaki Kiswahili kiwe Kifaransa cha pili.

Wengine watasema Kiswahili cha Kisangani kisanifiwe kwanza. Barua ya mpaka wa parseli haihitaji kusubiri kamusi. Inahitaji kusema nani ameamua nini, kwa sababu gani, na mwisho wa kupinga ni lini. Badala ya orodha nyingine ya istilahi, mmoja wetu achukue barua za aina tano ambazo ofisi huzitoa kila wiki, aziandike kwa Kiswahili na Kilingala, kisha akae sokoni awasomee wauzaji na kuwauliza wameelewa wafanye nini. Hiyo ni kazi ya mwisho wa masomo ya kutosha kabisa, na mwenye kuisimamia atachoka.

Yule mama nilimwandikia jibu siku ileile. Niliandika kwa Kifaransa, kwa kuogopa wasilikatae. Nilimsomea kwa Kiswahili changu, akasikiliza, akanitazama kidogo, akatia sahihi.